Nafasi ya Mguu: Shajara ya Kupima Njia za Katuba na Kenya

Jumamosi, 9 Agosti

Tumeanza leo, na mtu wa kwanza kutuona tukikunjua mita akafunga duka lake. Hakungoja maelezo. Kwa mkazi wa Lubumbashi, huku Kongo, watu wanne wenye karatasi na mita barabarani ni watu wa kubomoa. Kesho yake unakuta msalaba mwekundu ukutani. Mama mmoja wa mandazi alituuliza waziwazi: "Muko napima nini? Munakuya kutubomolea?" Papa Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba tunapima mahali pa kupita mguu. Mama akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mahali pa mguu? Hapa? Basi mutamaliza mbio."

Tuko wanne. Mimi nafundisha jiografia sekondari. Papa Mwalimu ni mstaafu, amefundisha hesabu miaka mingi, na magoti yake yanamsumbua. Yaya Kinga ni fundi wa baiskeli, maana huku kwetu baiskeli ni kinga, na kibanda chake cha Katuba ndicho ofisi yetu. Wa nne ni mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo, mwenye simu nzuri kuliko zetu zote na subira ndogo kuliko yetu sote.

Tunachotaka kujua ni hiki: mtoto akienda shule kwa mguu, au mtu akienda kazini kwa kinga, njia inamsaidia au inampiga vita? Tumechagua vipande 24: 10 komini ya Katuba, 10 komini ya Kenya (komini ni kama wilaya ya mji), na 4 mjini katikati ili tuwe na cha kulinganisha. Kipande ni njia kutoka njia panda moja hadi njia panda inayofuata. Vifaa ni mita mbili za fundi, chaki, rula ya shule na fotokopi. Mfadhili hatuna, kwa hiyo hakuna wa kutuambia tumechelewa.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku nzima ya maneno. Karatasi tuliyoanza nayo haikuzaliwa hapa. Timu ya James Sallis, San Diego, Marekani, ndiyo iliyotengeneza MAPS, orodha ya kukagua barabara kwa jicho la mtu anayetembea. Orodha kamili ni ndefu mno kwa watu wanne wasiolipwa, lakini mwaka 2015 walitoa ufupisho wake, MAPS-Mini, wenye maswali 15 tu. Kuna nyingine iliyotangulia, NEWS, ya Brian Saelens na Sallis huyohuyo, ya mwaka 2003. Hiyo haikagui barabara. Inawauliza wakazi wanauonaje mtaa wao. Baadaye wataalamu wa Afrika waliichukua NEWS wakaifanyia marekebisho katika nchi 7: Kameruni, Ghana, Kenya, Msumbiji, Nigeria, Afrika Kusini na Uganda. Kongo haimo. (Kenya hiyo ni nchi, si komini yetu. Mpwa wangu amechanganyikiwa mara mbili leo na akanifokea mimi.)

Tukakubaliana tuanze na maswali 15, tuyaweke katika Kiswahili ambacho Yaya Kinga atakielewa bila kuuliza. Maswali yenyewe ni ya kawaida: je, kuna trotwari, yaani njia ya miguu kando ya barabara? Ina mashimo au vikwazo vya kujikwaa? Kuna kitu kinachoitenga na magari, kama majani au safu ya miti? Kuna kivuli? Taa? Njia ya baiskeli? Benchi? Kituo cha basi? Kwenye njia panda kuna pundamilia (mistari myeupe ya kuvukia), taa ya waenda kwa miguu, mteremko wa kushushia kiti cha magurudumu?

"Trotwari" haikutusumbua, kila mtu mjini analijua neno hilo hata kama kwao haipo. Tuligombana juu ya michoro ya ukutani. Karatasi inauhesabu ukuta uliochorwa kama dalili ya mtaa ulioachwa. Sasa ukuta wa kwetu unaandikwa nini? "Parseli hii haiuzwi," yaani kiwanja hiki. Maandishi hayo yanaonyesha mwenye nyumba aliye macho kupita kiasi, anayelinda urithi usiuzwe na ndugu yake wa tumbo moja. Papa Mwalimu alisema ukuta wa namna hiyo ungepewa alama mbili, si kunyang'anywa moja. Tumelifuta swali zima.

Swali la taa tumeligawa mara mbili: taa ipo, na taa inawaka. Hapo hakukuwa na mjadala.

Jumamosi, 30 Agosti

Wiki mbili za kupima na nimekata tamaa kidogo. Vipande 11 vya kwanza, Katuba na Kenya, vimetoka karibu sawasawa. Trotwari: hapana. Njia ya baiskeli: hapana. Pundamilia: hapana. Taa ya waenda kwa miguu: hapana. Benchi: hapana, ingawa tulibishana sana kuhusu gogo la chini ya mwembe ambalo wazee hawaliachi kuanzia saa nne asubuhi. Ukizijumlisha alama, unapata mtaa mmoja mrefu usio na kitu. Nami nimekulia hapa, na najua kwamba kuna avenyu ambayo mama anamwachia mtoto wa miaka saba aende peke yake, na nyingine, hatua mia mbili kutoka hapo, ambayo hamwachii hata wa kumi na miwili. Karatasi haioni tofauti hiyo. Mizani inayosoma sifuri kwa mbuzi na kwa ng'ombe si mizani.

La kuchekesha ni kwamba ukipima kwa kompyuta, bila kutoka nje, Kenya inaibuka bingwa. Kuna kipimo maarufu cha Lawrence Frank na wenzake: unachukua wingi wa nyumba, mchanganyiko wa matumizi ya ardhi na wingi wa njia panda, unapata alama ya mtaa unaotembeleka. Mji huu, tangu ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ulichorwa kwa rula. Wazungu walijichorea mji wao, wakawachorea wafanyakazi wao Kamalondo upande wa pili, na komini zilizofuata nazo zikachorwa kwa mistari iliyonyooka. Njia panda zimejaa, nyumba zimesongamana, na kila parseli ya tatu ina duka la sabuni na mkate. Kila kitu kiko karibu na mguu. Kazi iko kwenye kukifikia.

Kisha balaa la pili. Kila kipande kinapimwa na watu wawili wasiosemezana, halafu tunalinganisha. Mpwa wangu ndiye mwenye hesabu ya kapa, namba inayopima makubaliano ya wapimaji wawili, na amelikariri jedwali la Landis na Koch la 1977: kuanzia 0.61 hadi 0.80 makubaliano ni mazuri, kupita hapo ni karibu kamili. Akaingiza majibu yetu kwenye simu, akakunja uso. Mahali ambapo tulikubaliana karibu kila kipande, kapa ilikuwa chini kabisa. Kwenye maswali mengine haikutoka kabisa, kwa sababu jibu lilikuwa moja tu na huwezi kugawa kwa sifuri.

Papa Mwalimu aliomba ubao. Hatuna ubao, kwa hiyo aliandika kwa chaki kwenye mlango wa kibanda cha Yaya Kinga, na wateja wakaanza kusimama. Chukueni vipande 40, alisema, hesabu iwe nyepesi. Wapimaji wawili wanajibu swali la pundamilia. Kwenye 37 wote wanasema hapana. Kwenye 2 ni wa kwanza tu anayesema ndiyo, kwenye 1 ni wa pili tu. Wamekubaliana mara 37 kati ya 40, yaani asilimia 92.5. Lakini kapa, aliyoitoa Jacob Cohen mwaka 1960, haiulizi mmekubaliana mara ngapi. Inauliza mmezidi bahati kwa kiasi gani. Mtu anayesema hapana karibu kila mara, na mwenzake wa aina hiyohiyo, wangekubaliana kwa bahati tupu asilimia 92.75. Toa, gawa: kapa ni -0.03. Chini ya sifuri! Akageuka kututazama kama vile tulikuwa darasa lake la sita. Feinstein na Cicchetti walikwisha kuandika juu ya kitendawili hiki mwaka 1990. Kosa haliko kwa wapimaji wala kwa kapa. Swali lenyewe halina kazi mahali hapa.

Mteja mmoja aliyekuja kuzibiwa pancha aliuliza kama hesabu hiyo inafaa pia kwa bahati nasibu za mpira. Papa Mwalimu alimpa dakika ishirini.

Jumamosi, 13 Septemba

Shule zimefunguliwa wiki iliyopita, na njia zimebadilika. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni mashati meupe matupu. Tumeahirisha kupima na tumesimama tu, kila mtu kwenye kona yake, kuangalia watoto wanaweka mguu wapi. Kazi hii tulipaswa kuianza nayo.

Niliyoyaona kwenye kona yangu: kulia kuna mtaro wazi wa maji, halafu ukingo wa udongo, halafu meza ya mkate, halafu lami iliyomung'unywa, halafu magari. Mtoto hapiti "kando ya barabara". Anapita kwenye kile kilichobaki. Meza ikiwa haijatoka, anapita kwenye ukingo. Meza ikitoka, anashuka kwenye lami hatua nne, anarudi. Manseba wakiegesha pikipiki zao kungoja abiria, hatua nne zinakuwa kumi na tano, na hizo kumi na tano mtoto anazipiga mbio, akiangalia nyuma.

Kwa hiyo swali la "trotwari ipo?" tumeliweka pembeni, na tumeunda letu, ambalo tumeliita nafasi ya mguu. Unatembea kipande chote, unatafuta mahali pembamba kuliko pote kati ya kizuizi cha ndani (ukuta, meza, mtaro, rundo la mchanga wa kujengea) na pale magurudumu yanapopita. Hapo unapima kwa sentimita. Unapima mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni. Chini ya 60 tunaandika "upande", yaani mtu anapita kwa kujigeuza. Kiti cha magurudumu kinahitaji angalau 90. Kuanzia 150 watu wawili wanapishana bila mmoja kuomba samahani.

Wanaume wa kinga za mikono, zile za magurudumu matatu za watu waliopata polio, hawapiti ukingoni kabisa. Wanapita katikati ya barabara pamoja na malori. Nilimuuliza mmoja kwa nini. Aliniangalia kama mtu aliyemuuliza samaki kwa nini yuko majini.

Kivuko cha mtaro nacho kimekuwa swali. Kila parseli ina daraja lake: bamba la zege, ubao, mlango wa zamani, tairi la lori. Lakini kwenye kona, ambapo si mbele ya parseli ya mtu, mara nyingi hakuna daraja la mtu yeyote. Kwa siku tatu tulitumia kigezo cha goti: Papa Mwalimu akikataa kuvuka, tunaandika "hapapitiki". Kigezo kizuri sana, mpaka mpwa wangu alipogundua kwamba goti la Jumatatu si goti la Alhamisi. Sasa tunapima upana wa pengo, na zaidi ya sentimita 50 bila ubao ni alama hasi. Papa Mwalimu amekubali lakini anaandika maoni ya goti lake pembeni, kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi, 20 Septemba

Siku ya kinga. Yaya Kinga alituamsha saa kumi usiku ili tuwe barabarani kabla ya makala, yaani mkaa, kuingia.

Asiyeijua Lubumbashi afahamu: jikoni nyingi za mji huu zinapikia makala, na sehemu ya makala hayo inaingia mjini kwa kinga kutoka misituni, magunia yamefungwa nyuma mpaka yanampita mwenye kinga kwa urefu. Hapandi. Anasukuma, amejipinda, mkono mmoja kwenye usukani na bega kwenye gunia. Ukisema "mwendesha baiskeli" kwenye karatasi ya San Diego, sidhani kama walimfikiria mtu huyu.

Tulipima kinga tatu zilizosimama kupumzika, kwa ruhusa. Mzigo pamoja na mtu anayesukuma vilizidi mita moja na robo. Ndiyo kusema njia ya kinga hapa inahitaji upana wa mkokoteni. Tulihesabu wapitaji kwa maharage: unajaza mfuko wa kushoto, kila kinga inayopita unahamisha harage moja mfuko wa kulia. Mpwa wangu alitumia programu ya simu na akapoteza hesabu alipopigiwa.

Lakini Yaya Kinga hakutuleta kuhesabu. Alituleta kuangalia makali ya lami. Lami ya zamani imeliwa pembeni, na udongo wa ukingo umechukuliwa na mvua mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kati ya lami na udongo kuna ngazi. Lori likipiga honi nyuma, mwenye makala ana chaguo moja: kushuka ngazi hiyo na mzigo wake. Tuliweka rula. Mahali pengine vidole viwili. Mahali pengine sentimita 14. "Hapa ndipo ninapopatia kazi," alisema Yaya Kinga. "Rimu zote zilizopinda zinatoka hapa. Miguu iliyovunjika sijui inapelekwa wapi." Kipimo hiki, kina cha makali ya lami, sikukiona kwenye MAPS-Mini. Tumekiongeza.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya usalama barabarani ya 2018, liliandika kwamba barani Afrika asilimia 44 ya wanaokufa barabarani ni waenda kwa miguu na waendesha baiskeli. Niliisoma kwa sauti tulipokuwa tunakunywa chai. Yaya Kinga aliuliza kama mtu anayesukuma anahesabiwa kwenye kundi lipi kati ya hayo mawili. Nikameza chai.

Jumamosi, 4 Oktoba

Vipande vinne vya mjini vimekwisha. Joto la Oktoba halina huruma, lakini mijakaranda imechanua na chini yake ni zulia la zambarau, basi nililalamika kidogo kuliko kawaida.

Hapa karatasi ya asili imefurahi: trotwari ndiyo, kivuli ndiyo, kituo ndiyo, hata pundamilia iliyofifia tuliipa ndiyo baada ya kuinama. Alama zimepanda ghafla. Kisha tukapima nafasi ya mguu, na kwenye kimoja kati ya vile vinne ikawa ndogo kuliko kwenye avenyu ya vumbi pale Kenya. Trotwari ipo, tena pana, ila imebeba gari lililoegeshwa, jenereta ya duka na wauza kadi za simu. Watu wanatembea barabarani, kando ya trotwari, kama vile ni ukuta.

Kivuli kimetupa somo jingine. Kati ya maswali yote 15 ya asili, la kivuli ndilo lililobaki na nguvu Katuba na Kenya pia, kwa sababu ya miembe inayochungulia nje ya parseli. Saa sita mchana, avenyu yenye miembe ina watu upande mmoja tu. Mpwa wangu amechora ramani ya kivuli na inafuata kabisa ramani ya watu. Ameanza kuipenda kazi, nadhani.

Jambo jingine la mjini, ambalo sijui niliweke safu gani. Sisi tunaendesha kulia. Mabasi mengi madogo yanakuja na usukani kulia, yametengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto, na mlango wake wa abiria uko kushoto. Wengine wameuhamisha mlango. Wengine hawajauhamisha, na basi likisimama, mama na mtoto mgongoni wanashukia katikati ya barabara, kwenye magari yanayolipita basi. Kituo kimepata "ndiyo". Nimeandika kwenye maoni: kituo kipo, abiria wanashukia upande wa kifo. Papa Mwalimu amesema neno kifo si la kitakwimu. Nimeliacha.

Jumamosi, 18 Oktoba

Simu ya mpwa wangu imekufa na picha za vipande sita. Umeme ulikata, ukarudi kwa kishindo, chaja ikafuka moshi. Karatasi ziko salama. Kuanzia leo karatasi ndiyo asili na simu ndiyo nakala; Papa Mwalimu alikuwa amesema hivyo tangu Agosti na leo hakusema kitu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua. Tumerudia vipande vitano vya Katuba na viwili vya Kenya, vilevile, kwa mita ileile, na ni kama tumehamia mji mwingine.

Avenyu moja iliyokuwa na nafasi ya mguu ya sentimita 170 mwezi Septemba, leo ina 40. Hakuna meza iliyoongezwa. Wiki iliyopita kulikuwa na salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, vijana wakazibua mtaro vizuri sana, wakatupa tope lote ukingoni, kwa sababu hakuna gari la kulibeba. Sehemu ya tope imerudi mtaroni, na iliyobaki imelala palepale penye njia ya watoto. Siwalaumu vijana. Mtaro bila wao ungemwagikia majumbani. Lakini ndiyo ile ile: kinachotolewa kwenye maji kinawekwa kwenye miguu.

Kona mbili zimepoteza mbao zao, zimechukuliwa na maji au na mtu. Na kwenye kona ya tatu kumetokea kitu ambacho hakuna karatasi ya nchi yoyote iliyokitabiri: vijana wawili wameweka ubao mzuri, mpana, uliopigiliwa vipande vya mpira usiteleze, na wanadai faranga 200 kwa kila anayevuka na viatu. Wanafunzi wa sare wanapita bure asubuhi. Jioni hapana.

Tulibishana chini ya mwavuli. Mpwa wangu: kivuko kipo, ndiyo. Papa Mwalimu: kivuko cha kulipia si njia, ni duka. Yaya Kinga alitaka kujua kama kinga inalipa kama mtu mmoja au wawili, akaenda kuuliza. Inalipa kama wawili. Mwishowe tumeongeza safu inayoitwa "bei". Nimejipima mwenyewe pia: nililipa 200 kwenda, na kurudi nilizunguka kwa njia ndefu ili nisilipe. Basi bei inabadilisha njia ya mtu hata kama mfuko unaruhusu.

Tumekubaliana kwamba kila kipande kitakuwa na alama mbili, ya vumbi na ya tope, na hatutazijumlisha wala kutafuta wastani. Kinachosema ukweli ni tofauti kati yake. Vipande viwili vya Kenya vyenye mtaro uliofunikwa kwa mabamba havikubadilika hata sentimita kumi.

Jumamosi, 22 Novemba

Tumeonyesha kazi kwa majirani, kwenye kibanda cha Yaya Kinga, mbele ya shefu wa karitie (mkuu wa mtaa) na watu kama thelathini, wengi wao wakiwa wamekimbia mvua tu. Hatukuonyesha kapa. Papa Mwalimu alikata kamba, moja kwa kila kipande, urefu sawa na nafasi ya mguu ya saa kumi na moja jioni, akazitundika mlangoni kwa mstari: kamba ya vumbi na, kwa vipande tulivyokwisha kurudia, kamba ya tope kando yake. Watu walielewa kabla hajasema neno. Wakaanza kutafuta kamba ya avenyu yao, wakazishika, wakazipima kwenye kiuno na mabega. Mzee mmoja alikataa kabisa kwamba ya kwake ni fupi hivyo, akataka mita, na sote tukatoka naye kwenye manyunyu kupima upya. Tulikuwa tumekosea kwa sentimita tatu. Amefurahi sana.

Yule mama wa mandazi wa siku ya kwanza alikuwapo. Alisimama mbele ya kamba yake, sentimita 55, akasema, "Sasa batoto bapite wapi?" kama vile meza si yake. Kisha akanyamaza. Jioni tulipopita kufunga kazi, meza ilikuwa imerudi nyuma kiasi cha shibiri moja na nusu, mpaka kugusa ukuta wa parseli, na yeye amekaa amebanwa. Alituambia tusiandike bado, kwa kuwa jirani wa mkate hajasogea, na asiposogea yeye naye atarudi mbele. Hawezi kufichwa nyuma ya mwenzake na wateja wasimwone.

Mpwa wangu anauliza kama inaruhusiwa mtu kubadilisha kitu ambacho tunaendelea kukipima. Nimeandika namba zote mbili, 55 na 88, na saa.

Zimebaki alama za tope za vipande 12, mvua ikitupa nafasi. Mita ya pili imekatika kwenye sentimita 12: anayeitumia aanzie kwenye 20, halafu atoe.